Nyoka ndani ya nyumba: Kamba yaweza kudhuru kuliko jino

Jioni moja mama mmoja aliingia mbio katika kliniki yangu akiwa amembeba mwanawe wa miaka saba. Mtoto huyo alikuwa ameumwa na nyoka kidoleni alipokuwa akitafuta mpira nyuma ya friji. Majirani, kwa nia njema, walikuwa wamemfunga kamba ya kiatu juu ya kifundo cha mkono. Kufikia wakati huo mkono ulikuwa umevimba, vidole vilikuwa baridi, na mtoto alikuwa akilia kwa uchungu.

Niliuliza ni nyoka gani. Hakuna aliyejua. Tulimkimbiza hospitalini, kamba ikafunguliwa taratibu na akalazwa ili aangaliwe.

Ukweli ulijulikana usiku. Kijana wa nyumba ya pili alikuwa akifuga nyoka katika sanduku la kioo, naye alikuwa ametoroka siku mbili zilizotangulia. Kijana alinyamaza kwa kuogopa polisi. Nyoka mwenyewe alikuwa yule wa rangi ya hudhurungi anayekula panya, ambaye hana sumu. Mtoto aliumizwa na kamba kuliko nyoka.

Ukimkuta nyumbani

Mwili wa nyoka hautengenezi joto la kutosha kama wetu. Kwa hivyo hutafuta mahali penye joto, giza na nafasi finyu: nyuma ya friji na jiko, chini ya sofa, kabatini, ndani ya viatu au katika rundo la nguo chafu. Awe ametoroka kwa jirani au ameingia kutoka kichakani akifuata panya, tabia yake ni hiyo hiyo.

Ukimwona, usimkaribie. Ondoa watoto, funga mlango wa chumba hicho na uzibe nafasi iliyo chini ya mlango kwa taulo. Kisha piga simu kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) au mtu mwenye ujuzi wa kushika nyoka. Usijaribu kumuua kwa fimbo, kwa maana watu wengi huumwa wakifanya hivyo. Hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda.

Usidhani kwamba kila nyoka wa kufugwa hana madhara. Hapa nchini tuna moma, ambaye sumu yake huoza nyama na kuvimbisha kiungo. Swila atemaye mate ya sumu machoni. Na koboko, ambaye sumu yake hulegeza misuli hadi mgonjwa akashindwa kupumua.

Mtu akiumwa

Sumu nyingi husafiri mwilini kwa msaada wa mwendo wa misuli. Ndiyo sababu jambo la kwanza ni kumtuliza mgonjwa na kumlaza. Vua pete, saa na bangili kabla ya uvimbe kuanza. Funga kiungo kilichoumwa kwenye ubao au gazeti lililokunjwa ili kisitikisike, kama unavyofanya mfupa ukivunjika. Kisha mfikishe hospitalini kwa gari bila kumtembeza.

Usifunge kamba. Kamba huzuia damu kufika kwenye nyama, na nyama isiyopata damu hufa. Kuna watu waliokatwa mkono au mguu kwa sababu hiyo. Kama tayari imefungwa, mwambie daktari mara mfikapo, kwani kuifungua ghafla kwaweza kuachilia sumu iliyokusanyika. Usichanje kwa wembe, usifyonze kwa mdomo, wala usitegemee jiwe jeusi. Kwa maumivu tumia parasetamoli, si aspirini, ambayo huzidisha kuvuja kwa damu. Aliyetemewa mate machoni aoshwe kwa maji mengi safi kwa muda wa dakika 15 au zaidi.

Hospitalini, daktari anaweza kuweka damu kidogo katika chupa safi ya kioo na kuiacha dakika 20. Isipoganda, sumu imeharibu uwezo wa damu kujizuia kuvuja. Si kila aliyeumwa hupewa dawa ya kuua sumu ya nyoka. Dawa hiyo hutengenezwa kutokana na damu ya wanyama, aghalabu farasi, na mwili wa mgonjwa huweza kuikataa kwa kishindo. Lazima itolewe na mhudumu aliye tayari kukabiliana na hali hiyo.

Mnamo 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Neno kwa wafugaji

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kumfuga mnyama wa mwituni bila kibali. Lakini hata kama huna kibali, nyoka wako akitoroka, waambie majirani saa hiyo hiyo. Jina la nyoka husaidia daktari kujua ishara za kutazamia, na huwaondolea wazazi nusu ya hofu. Faini hulipwa ikaisha. Mkono wa mtoto ukikatwa haurudi.

Yule mtoto alitoka hospitalini salama. Mamaye angali anachungulia nyuma ya friji kila jioni kabla ya kupika. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.