Mwarobaini na Utitiri Mwekundu wa Nyanya

Utitiri mwekundu ni jamaa wa buibui na kupe. Akikomaa huwa na miguu minane, na urefu wake haufiki hata milimita 1. Aina inayosumbua sana nyanya Afrika Mashariki, Tetranychus evansi, ina asili ya Amerika Kusini. Ilionekana Zimbabwe mwaka 1979 na Kenya mwaka 2001.

Utitiri hukaa chini ya jani, hutoboa chembe zake na kufyonza. Jani huota madoadoa meupe, hugeuka manjano au rangi ya shaba, kisha hukauka. Mashambulizi yakizidi, mche mzima hufunikwa na utando. Kiangazi chenye joto huwafaa, kwani kizazi kimoja hukamilika kwa chini ya wiki mbili. Jike asiyepandwa naye hutaga, na mayai yake huangua madume. Kwa kuzaana upesi hivyo, utitiri hujenga usugu haraka, na dawa nyingi za viwandani huua wadudu rafiki wanaowala kuliko zinavyowaua wao.

Mbegu za mwarobaini zina azadiraktini, kemikali inayopunguza ulaji, kuvuruga ukuaji na kupunguza utagaji. Mafuta ya mbegu hizo huwaziba pumzi utitiri na mayai yao. Majani nayo yana azadiraktini, lakini kidogo. Kwa kawaida, gramu 50 za kokwa zilizotwangwa hulowekwa usiku kucha katika lita 1 ya maji, kisha huchujwa kwa kitambaa. Sabuni kidogo huongezwa ili dawa ishike kwenye jani.

Dawa hupulizwa jioni kwa sababu mwanga wa jua huiharibu azadiraktini, na nyuki wakati huo huwa wamerudi mzingani. Bomba huelekezwa chini ya majani. Utitiri asiyefikiwa na dawa hadhuriki. Upulizaji hurudiwa baada ya siku chache ili kuwapata walioanguliwa karibuni. Mkulima akihesabu waliokufa asubuhi ya pili ataiona dawa dhaifu: kazi yake kubwa ni kuzuia kizazi kijacho, hivyo matokeo hupimwa kwa majani mapya yanayotoka safi. Kwa sababu hiyo huanza kutumiwa madoadoa ya kwanza yanapoonekana, kabla ya utando kutanda.

Mmea mwingine unaotumiwa ni utupa, Tephrosia vogelii, nao hufanya kazi tofauti. Majani yake yana rotenoni, inayozuia chembe za mwili kutengeneza nishati. Ndiyo maana wavuvi waliutumia kulevya samaki, na ndiyo maana maji yake hayamwagwi karibu na mto au bwawa. Sumu ya mmea ni sumu bado: anayeitwanga au kuipuliza hujifunika pua na mikono, na nyanya huoshwa vizuri kabla ya kuliwa.