Je, Wajua? Askari wa mbao waliopewa nchi
Juni 1826, kasisi Patrick Brontë alirudi nyumbani Haworth, kaskazini mwa Uingereza, na askari 12 wa mbao, zawadi kwa mwanawe Branwell, wa miaka 8. Dada zake Charlotte, Emily na Anne, waliokuja kuwa waandishi mashuhuri, nao wakajichagulia kila mmoja wake. Charlotte akamwita wake Wellington, jina la jenerali wa Uingereza. Branwell, kwa ubishi bila shaka, akamwita wake Bonaparte, jina la adui wa jenerali huyo. Wakawabunia nchi huko Afrika Magharibi, ambako hakuna mtoto yeyote kati yao aliyewahi kukanyaga! Habari za nchi hiyo waliziandika katika vijitabu vidogo kama kiberiti, vilivyoshonwa kwa uzi, kwa herufi ambazo mtu mzima huzisoma kwa lenzi. Mwaka 2019 kimojawapo kilinunuliwa mnadani Paris kwa euro 600,000.