Ganda la korosho na sanadi ya wanakemia

Kwa wakazi wa Njinjo, kwenye barabara itokayo Nangurukuru kwenda Liwale wilayani Kilwa, ganda la korosho halihitaji maelezo. Kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anayajua mafuta yake meusi, yachubuayo ngozi na kuacha madoa yasiyotoka upesi. Kiini huliwa au huuzwa. Ganda hutupwa au huchomwa moto.

Hata hivyo, ganda hilo linasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Miongoni mwa waliolifikisha huko ni Profesa Egid Mubofu, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye pia aliwahi kuliongoza Shirika la Viwango Tanzania. Tumeona ni vyema familia zetu ziijue kazi yake, na zijue pia namna wanazuoni wa fani hiyo wanavyoipima.

Sehemu kubwa ya mafuta ya ganda ni asidi ya anakadi. Ikipashwa moto, hutoa hewa ya ukaa na kugeuka kuwa kardanoli, ambayo yaweza kushika nafasi ya kemikali zitokanazo na petroli katika kutengeneza rangi, gundi na plastiki. Kinachochubua mikono ya mama zetu, basi, ni malighafi ya viwanda.

Mwaka 2001 Profesa Mubofu, pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, alichapisha makala juu ya kichocheo cha madini ya paladi kilichoshikizwa kwenye silika. Baadaye akashirikiana na Neerish Revaprasadu wa Chuo Kikuu cha Zululand, Afrika Kusini. Katika makala zao za mwaka 2014 na 2015, asidi ya ganda la korosho na mafuta ya mimea kama nyonyo yalitumika kuzifunika chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ili zisigandamane. Mwaka 2016, pamoja na David Cole-Hamilton wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, na wenzao wengine, waliigeuza kardanoli kuwa malighafi ya kutengenezea plastiki.

Mwaka huohuo aliandika peke yake makala juu ya mafuta ya nyonyo, nayo imenukuliwa na watafiti wengine mara mamia. Kunukuliwa maana yake ni mtafiti mwingine kuitaja kazi yako kuwa ni moja ya misingi aliyojengea yake. Upo hata mizani uliobuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch wa Marekani: mtafiti mwenye alama 20 ni yule mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20.

Waliosoma madrasa hawatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Wanazuoni wa hadithi hawakuipokea kauli isiyo na sanadi. Waliuliza nani kapokea kwa nani, hata mwanzo wa mnyororo. Lakini wao hao walituonya kwamba hadithi yaweza kuwa mashuhuri katika ndimi za watu na isiwe sahihi. Makala nazo ni vivyo hivyo. Nyingine hunukuliwa ili zikanushwe. Nyingine hunukuliwa sana kwa kuwa zimekusanya kazi za wengi mahali pamoja, na hiyo ya nyonyo ni ya aina hiyo. Ilhali jaribio gumu la maabara laweza kutajwa na wachache tu. Idadi hutuonyesha umbali elimu ilikofika. Usahihi wake huthibitishwa kwa kuisoma na kuirudia kazi yenyewe.

Na manufaa nayo yana kipimo chake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho za Tanzania imesafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Korosho ghafi husafiri na ganda lake, na mafuta ya ganda husafiri nalo. Hivyo mkulima wa Kilwa hulipwa kwa mzigo wa korosho, na kardanoli huwa faida ya mwenye kiwanda ng'ambo. Makala ya mwaka 2019, ambayo Profesa Mubofu aliiandika na wenzake wa Tanzania na Afrika Kusini, imekwisha kuorodhesha kemikali, malighafi na nishati ziwezazo kupatikana katika ganda hilo. Orodha ipo, kinachohitajika ni viwanda vya kubangulia na kukamua vilivyo karibu na mikorosho, na vijana wanaoijua kemia.

Hapo ndipo jukumu linapotufikia sisi wazazi. Mtoto anayehifadhi sanadi jioni asizuiwe asubuhi kulifuata somo la kemia, wala binti asiambiwe kuwa maabara si mahali pake. Mnyororo ulioanza kwenye ganda la korosho zetu umepita York, Zululand na St Andrews. Haitakuwa ajabu kiungo chake kijacho kikitoka Njinjo, iwapo tutamlipia mtoto huyo daftari na kumwachia muda wa kusoma.

Wabillahi tawfiq.