Nyota Itembeayo na Masikio ya Ngomeni

Jioni moja ya mwezi wa Shaabani tulikuwa barazani, baina ya Magharibi na Isha, tukizungumza habari za kuandama kwa mwezi. Mara mjukuu wangu akapaza sauti: "Babu, tazama! Nyota yatembea!"

Mzee mmoja, nahodha wa zamani, akasema hicho ni kimondo. Nikamjibu, "La, nahodha. Kimondo huwaka mara moja kikazimika. Hiki chaenda taratibu kama jahazi lenye upepo wa kaskazi. Ni setilaiti. Jua limetutulia sisi huku chini, lakini huko juu, mamia ya kilomita, lingali likiipiga, ndipo ikang'aa."

Nahodha akafikiri, kisha akauliza: "Sisi tulizitazama nyota zituonyeshe njia. Je, hiyo nani aionyeshaye njia?"

Naam, msomaji, jibu la swali hilo haliko mbali nasi. Liko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, penye kituo cha Wataliano kinachoitwa kwa jina la Luigi Broglio. Toka 1967 hadi 1988, roketi zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, katika Ghuba ya Ungwana. Pwani yetu ilichaguliwa kwa kuwa i karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi, na upande wa mashariki ni bahari tupu.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ilirushwa hapo setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina letu, Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo mbinguni. Kutokana nayo iliandikwa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei hizo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Uhuru yenyewe ilianguka 1979.

Roketi zilikoma, lakini masikio ya Ngomeni hayakuzibwa. Setilaiti IXPE, iliyorushwa Marekani tarehe 9 Desemba 2021, nayo ya kuchunguza eksirei, ilifanyiwa Malindi kuwa kituo chake kikuu cha kupokea habari. Kazi yenyewe ni hisabati kwanza: hukadiriwa dakika ambayo chombo kitachomoza, nacho, kinyume cha jua, huchomoza magharibi. Antena kubwa mfano wa sahani huelekezwa huko ikingoja. Chombo kikija, mawimbi yake ya redio hupanda kidogo. Kikienda zake hushuka, kama honi ya gari ipitayo. Kwa tofauti hiyo hujulikana mwendo wake. Zapatikana kama dakika kumi tu za kupokea habari na kutoa amri, kisha kimekwisha tua.

Wala si mchezo. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Kisichofuatwa juu, huenda kikatufuata chini.

Lililonichoma mimi ni jingine. Mpaka leo vitabu vya Ulaya huziita nyota Aldebaran, Vega na Altair, majina yatokayo katika Kiarabu. Falaki ilikuwa elimu ya masheikh wetu na manahodha wetu. Leo watoto wetu huziona sahani za Ngomeni kwa mbali, wakadhani ni mambo ya wageni. Elimu iliyo mlangoni kwako, usipoiingia, mwenye kulaumiwa nani?

Nahodha hakunijibu. Alimshika mjukuu wangu mkono, akamwelekeza juu.

"Ile itembeayo atakufundisha babu yako," alisema. "Njoo kwanza nikuonyeshe Kilimia."

Isha ikaadhiniwa, nao wangali wakihesabu.