Si kila anayeuguza ni muuguzi

Kila alfajiri akina mama na mabinti hutoka Kawangware kwa miguu kuelekea Lavington, na wenzao wa Kangemi huelekea Loresho na Westlands. Wengi huenda kufua na kupika. Lakini miongoni mwao wamo walioajiriwa kumtunza mzee aliyepooza: kumwosha, kumlisha, kumgeuzageuza kitandani asipate vidonda, na kumkumbusha saa za dawa.

Waajiri huwaita "nasi", nao huitika. Yamkini kosa ni la lugha yetu. Katika Kiswahili, yeyote akaaye na mgonjwa anauguza. Mama asemapo "ninauguza" hakuna amwulizaye cheti. Kitenzi hicho ndicho kilichotuzalia neno muuguzi, na kisarufi lingemfaa kila afanyaye kazi hiyo. Sheria, hata hivyo, haifuati sarufi. Sura ya 257 ya Sheria za Kenya humtambua aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi, na ajitwaliaye cheo hicho bila usajili hutenda kosa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mwajiri anayemwagiza mtunzaji kudunga sindano au kubadilisha mpira wa mkojo huokoa gharama za muuguzi, lakini mgonjwa akidhurika, lawama humwangukia binti asiye na leseni. Ni heri majukumu yaandikwe siku ya kuajiriwa, na mtunzaji asione haya kukataa yasiyo yake.

Wengi wa watunzaji hawa hutamani uuguzi wenyewe. Katikati ya jiji, vyuo vya ghorofani hutangaza mafunzo ya utunzaji ya miezi michache, na baadhi ya wanaojiandikisha hudhani kuwa cheti hicho ni kidato cha kwanza cha diploma. Sivyo. Diploma ya uuguzi huchukua miaka mitatu, na anayetaka kuingia huulizwa matokeo ya KCSE: wastani wa C, pamoja na alama zifaazo katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili. (Wanaodharau Kiswahili shuleni na walitafakari hilo.) Aliyepungukiwa aweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kibinafsi. Kisha, kabla ya kulipa karo, aulize Baraza kama chuo kimeidhinishwa, kwani mhitimu sharti aufanye mtihani wa Baraza ndipo asajiliwe.

Wapo wanaosema kuwa utunzaji utawafikisha ng'ambo. Mnamo Julai 22, 2025, Uingereza ilikoma kutoa viza kwa watunzaji wapya kutoka nje, ilhali muuguzi aliyesajiliwa angali na njia; mkataba wa Kenya na nchi hiyo kuhusu wahudumu wa afya ulitiwa sahihi mwaka 2021.

Kwa maoni yangu, Baraza lingebuni njia ya kuupima ujuzi wa aliyemtunza mgonjwa miaka kumi, ili asiketi darasani kufundishwa namna ya kutandika kitanda.