Si kila mti wa miba Galula ni dawa ya moyo

Wasomaji kadhaa wa Bonde la Rukwa wameuliza swali lilelile: ule mti wa miba unaoota Galula, Songwe, unaosifiwa na wauza dawa mnadani kwamba unatibu moyo, ni mti gani? Wapo walioambiwa ni Crataegus. Hapana. Crataegus ni wa ukoo wa waridi, wenyeji wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Gome la Songwe halibadiliki kwa kubandikwa lebo.

Ili kuutambua mti, anza na mwiba wenyewe, maana miba haitokani na kitu kimoja. Upo ambao kwa asili ni tawi: huota kwapani mwa jani, ndani una mti mgumu, na wakati mwingine huchipua majani. Hivyo ndivyo ulivyo wa Crataegus, na wa mkulagembe wetu pia, ule wenye ua linaloning'inia, nusu zambarau, nusu njano. Upo mwiba wa ganda: usukume pembeni kwa kidole gumba, utabanduka na kipande cha gome. Migunga kadhaa yenye miba ya ndoano iko hivyo. Wa tatu ni vile vijani viwili vya ubavuni mwa kikonyo vilivyogeuka kuwa miba, ndiyo maana hukaa miwili miwili. Humo imo migunga ya miba mirefu myeupe, na mkunazi.

Sasa shika tawi la mkunazi pori, kwa uangalifu. Linakwenda likipindapinda, na penye kila jani pana miba miwili: mmoja umenyooka, mwenzake umejikunja kurudi nyuma. Ukijaribu kujinasua na mmoja, wa pili unakudaka. Jani linang'aa, kitako chake kimeenda upande, na hapo huanzia mishipa mikubwa mitatu. Ukiligeuza ukakuta weupe wenye manyoya, huo ni mkunazi wa kunazi tunazokula. Jani la mgunga ni vijani vidogo vingi vilivyojipanga pande mbili. Mgunga ni ndugu wa maharage, hauna undugu wa karibu na mkunazi.

Lakini bado nasikia kwamba "miba yote ni migunga, na mgunga husafisha damu". Asiyeona tofauti hizi mchana kweupe ndiye anayekupimia kikombe cha dawa ya presha!

Wengine wanaogopa sumu ya mwiba. Ogopeni pepopunda: vijidudu vyake hukaa udongoni, na tundu refu lisilopata hewa ndilo makao yao. Kupaka kinyesi cha ng'ombe ni kuviongeza. Osha kwa maji na sabuni, nenda zahanati ukaulize chanjo. Mwenye dawa za presha au moyo asiziache, wala asizichanganye na dawa ya Crataegus ya pakiti bila kumwambia daktari.

Na muuzaji akikuletea unga, mdai tawi lenye jani, mwiba na ua au tunda. Akikosa, usinywe.