Vitu Vimejaa, Watu Wakae Wapi?

Hebu simama mlangoni pa nyumba yenu uhesabu vitu ambavyo havijaguswa tangu Krismasi iliyopita. Usihesabu kitanda wala jiko. Hesabu redio isiyolia, viatu vilivyopoteza wenzao, katoni zilizopandana juu ya kabati, na zile sahani za wageni ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzilia. Ukifika ishirini, basi keti tuzungumze.

Nafasi huku Eastlands haikuwahi kuwa ya kuchezea. Nyumba nyingi za kwanza za wafanyakazi zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya mwanamume mmoja, ambaye mkewe na wanawe walitarajiwa kubaki mashambani. Chumba kimoja, kitanda kimoja, na msumari wa kutundikia koti. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo iliyofikiria kwamba mfanyakazi naye ana familia. Buru Buru ikafuata katika miaka ya 1970 na vyumba vyake vya kupumua. Lakini ukipita leo Kayole, Umoja au Pipeline, utaona ghorofa baada ya ghorofa za singo, ambamo chumba kimoja ndicho jikoni, sebule na mahali pa kulala.

Tupige hesabu kidogo, wala usiogope, si ile ya Kidato cha Nne. Tuseme chumba ni futi 10 kwa 10, yaani futi 100 za mraba, na kodi ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Kila futi ya mraba inalipiwa shilingi 60. Televisheni mbovu, ile ya mgongo, pamoja na meza yake inakalia futi 6. Hizo ni shilingi 360 kila mwezi, shilingi 4,320 kwa mwaka. Televisheni haionyeshi chochote, lakini inalipiwa nyumba! Na wewe mwenye mtihani unafanya kazi ya ziada ukiwa umekunja magoti kitandani kwa sababu meza imekaliwa.

Mbona basi hatuitoi? Wengine husema watu wa mtaa wanapenda kurundika tu. La hasha! Tunahifadhi kwa sababu ya hofu. Mama alikinunua kitu hicho kwa pesa za chama, akangoja zamu yake miezi na miezi. Mwenye mshahara wa uhakika akitupa pasi anajua atanunua nyingine. Anayefanya kibarua hajui kesho italeta nini, kwa hivyo huweka pasi mbovu, akisema, "Siku moja itatengenezwa." Huo si ujinga, ni akiba, ila ni akiba isiyozaa.

Mjapani mmoja, Marie Kondo, alipata sifa duniani kote kwa kitabu chake kuhusu kupanga nyumba, ambacho tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 2014. Anashauri ushike kila kitu mkononi, na ukibaki tu na vile vinavyokupa furaha. Wazo si baya, lakini mimi sufuria ya ugali haijanipa furaha hata siku moja, na bado siwezi kuiacha. Kwetu swali lililo bora ni hili: ile siku tunayoingojea, bado yaja au imeshapita?

Mara nyingi imeshapita. Matangazo ya analogi yalizimwa mwaka 2015, kwa hivyo ile televisheni hata ikifufuka itahitaji kisanduku cha dijitali. Karatasi za plastiki, au juala kama tunavyoziita mtaani, zilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na bado kuna jikoni zilizo na juala moja iliyojaa juala nyingine. Na vile vitabu vya marudio ya KCPE tulivyowawekea wadogo wetu? Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Wadogo wetu wanasoma mtaala mwingine kabisa.

Wakati tunangoja, kuna wapangaji wengine wasiolipa kodi. Kunguni hujificha kwenye nyufa za kitanda na marundo ya nguo. Mende hupenda katoni, kwani humo kuna giza, joto na gundi ya kula. Tena kinyesi cha mende na maganda yake huweza kumwamsha mtu pumu. Katika singo, rundo likiwa karibu na stovu au mshumaa, kila mtu anajua linaweza kuleta nini.

Nguo nazo zina kichekesho chake. Watu wa Ulaya na Marekani wakipunguza vitu kabatini, baadhi ya nguo hizo hufungwa kwenye belo za kilo 45 au hivi na kuishia Gikomba. Belo ikifunguliwa, za kwanza huitwa kamera, na zile za mwisho kabisa ni fagia. Sisi, kwa kuona bei ni rahisi, tunabeba tano badala ya moja. Kwa hivyo mzigo uliompunguzia Mzungu kabati umekuja kutujazia letu.

Ukitoa kitu, usikimbilie pipa. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado malori yanamwaga. Moshi wake wanauvuta wenzetu wa Korogocho na Dandora. Chuma kina wanunuzi wa skrepa, na mafundi wa Kamukunji wanajua kugeuza pipa kuukuu kuwa jiko au sanduku la shule. Karatasi za daftari atazitaka mwuza njugu. Nguo nzima zitavaliwa ushago. Ila televisheni ya mgongo usiivunje kutafuta shaba, kwa sababu kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ipeleke kwa wanaoshughulikia taka za umeme, kama WEEE Centre kule Utawala.

Jambo moja zaidi, na hapa vijana wengi huharibu. Usianze na vitu vya wazazi. Anza na sanduku lako mwenyewe, kisha muulize mama, "Hiki tukipe nani?" badala ya kusema, "Hiki tutupe." Akikataa, mwache. Na lile koti la marehemu babu lililotundikwa nyuma ya mlango, hata kama halivaliwi na mtu, hilo nafasi yake imelipiwa.